Maswali ya wasomaji: umeme wa winta, nitajuaje kabla ya giza?

Jamani habari za siku. Toleo lililopita niligusia kidogo tu mambo ya umeme kipindi cha baridi kwa ndugu zetu walioko nje, sikutegemea kabisa, meseji zimejaa mpaka nimezisoma siku tatu, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: nitajuaje mapema? Kwamba umeme unaweza kukatika watu wanaelewa, tumekulia kwenye mgao, ila wanataka kujua nani anawaambia, lini, na wamwamini vipi. Basi safu yote ya leo nimeiacha kwa hilo. Majina nimeyatoa kama wengi mlivyoomba.

Mwanangu mhariri, hujambo. Binti yangu yuko Houston kule Texas, ana watoto wawili wadogo. Juzi kwenye grupu la ukoo wameleta voisi, mtu anasema gridi ya Texas imekufa, watakaa gizani wiki mbili kwenye barafu. Nikampigia hapatikani, nikakesha nalia. Asubuhi kapiga, mama umeme upo, nilikuwa kazini. Lakini akaniambia mwaka 2021 kweli walikaa gizani siku tatu. Sasa nishike lipi? — Mama, Tanga

Mama yangu shikamoo, na pole sana kwa usiku huo, najua mzazi akiwa mbali na mtoto simu isiyopokelewa inavyotesa. Hiyo voisi ni ya uongo, ila hofu yako siyo ya bure maana 2021 yalitokea kweli, na ngoja nikueleze yalivyotokea ili siku nyingine ukisikia ujue cha kuuliza.

Texas wana gridi yao wenyewe, inasimamiwa na chombo kinaitwa ERCOT, inabeba karibu asilimia 90 ya umeme wa jimbo lile, na haijaungana sana na gridi nyingine za Marekani kwa hiyo wakipungukiwa hawawezi kuchota kwa jirani umeme wa kutosha. Februari 2021 ikaja dhoruba ya baridi, visima vya gesi vikaganda, mitambo ya gesi ikaganda, ya makaa na ya upepo nayo, hata mtambo mmoja wa nyuklia ukazimika, na huku watu wote wamewasha hita kwa sababu nyumba nyingi kule zinapashwa joto kwa umeme huo huo. Usiku wa kuamkia tarehe 15, kabla kidogo ya saa 7 na nusu kwao, wakaanza kuamuru watu wakatwe. Huku Tanga ilikuwa kama saa 4 na nusu asubuhi mama, saa ya chai. Umeme wa gridi ile unatakiwa upige mara 60 kwa sekunde muda wote, ndo wanaita hezi 60, ikawa imeshuka chini ya 59.4, na ERCOT wenyewe walikuja kusema zilibaki dakika 4 na sekunde 37 tu jimbo zima lizimike. Gridi nzima ikizimika kuiamsha siyo kazi ya siku moja, inaweza kwenda wiki na wiki. Kwa hiyo mimi kukata siwalaumu, ilibidi wakate.

Ninacholaumu ni maneno. Watu waliambiwa ni mgao wa zamu, kila mtaa utakaa gizani muda mfupi, chini ya saa moja, halafu zamu inaenda kwa wengine. Haikuwa hivyo. Kilichoondolewa kilifika megawati 20,000, na laini zenye hospitali na huduma za dharura haziguswi, sasa ukitoa kiasi hicho chote kwenye laini zilizobaki hakuna tena cha kubadilishana, ni kama shuka moja fupi kwenye kitanda cha watu watano, aliyelala pembeni ndo atabaki wazi mpaka asubuhi. Zaidi ya nyumba milioni 4.5 zilikosa umeme, nyingine siku kadhaa mfululizo, na wakati huo huo watu wanaona kwa macho yao majengo ya ofisi katikati ya mji yanawaka taa na hayana mtu ndani. Unaona mama, mtu aliyeambiwa dakika 40 anajifunika blanketi anasubiri. Anasubiri saa moja, anasubiri mbili, simu inaisha chaji, kunakucha, barabara zimeshakuwa barafu hawezi tena kwenda popote. Huyo huyo angeambiwa saa 2 usiku kwamba jamani tunaweza kukaa hivi siku mbili, angebeba watoto aende kwa ndugu kabla. Hesabu ya serikali ya jimbo ni watu 246 waliokufa, wengi wao kwa baridi tu.

Wengine waliuawa na moshi usioonekana, na hapa naomba mama uongee na binti yako wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Sisi tumelelewa na jiko la mkaa. Ukiwa Tanga jiko liko uani au jikoni kwenye matundu ya hewa, ukuta una nafasi, mlango haufungi vizuri, hewa inapita. Nyumba ya Houston imezibwa kila mahali. Ukiingiza jiko la mkaa ndani, au ile grili yao, au ukiwasha gari gereji ili mpate joto, inatoka kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, watoto wanasinzia, mnadhani ni usingizi. Wiki ile Houston watu walipelekwa hospitali familia nzima nzima kwa hiyo. Jenereta nayo inakaa nje, mbali na madirisha, kama mita 6 hivi. Atakwambia mama najua. Mwambie tena.

Sasa habari za kuamini. Baada ya 2021 mambo yalibadilishwa, mitambo ikalazimishwa kujiandaa kwa baridi, na tangu 2023 ERCOT wana mfumo wa tahadhari unaitwa TXANS, mtu anajiandikisha bure kwa imeili, wanaanza kutaarifu siku kadhaa kabla kwamba hali ya hewa inakuja mbaya, halafu wanaomba watu wapunguze matumizi, na dharura zenyewe zina daraja 1, 2 na 3. Kukata kwa lazima kunakuja daraja la 3. Binti ajiandikishe hapo na kwa kampuni yake ya nyaya pia, maana ERCOT wanajua gridi ila hawajui mtaa wake. Na 211 ni namba ya simu ya msaada Texas nzima, wanasaidia hata kupata mahali pa kujistiri penye joto, na mtu anaweza kuomba mkalimani. Voisi ambayo haina tarehe, haina mtaa, haina saa na mwenye kuongea hasemi yeye ni nani, mama iishie kwenye simu yako usiipeleke mbele. Halafu pangeni na binti meseji moja fupi kila siku winta ikianza, "tuko salama, umeme upo", meseji inakula chaji kidogo kuliko kupiga. Mko mbali kwa saa 9, akilala wewe ndo unaamka, chagueni saa inayowafaa wote wawili.

Dada, mimi fundi simu, natokea Kigoma, nipo Johannesburg mwaka wa sita. Redioni kila siku wanajisifu hakuna loadshedding, siku mia na ngapi sijui. Mtaani kwetu kila jioni baridi ikianza umeme unaondoka mpaka usiku. Hivi wanatuona wajinga au mimi ndo sielewi? — Kaka, Johannesburg

Kaka umeelewa vizuri tu. Wewe na hao wa redioni mnaongelea vitu viwili na hakuna aliyewaambia wananchi hivyo kwa lugha iliyonyooka.

Loadshedding ya Afrika Kusini ni pale mitambo ya Eskom, shirika la umeme la kule, inaposhindwa kuzalisha wa kutosha nchi nzima. Ilianza kuuma mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, ikaja na steji zake, kila steji inaondoa kama megawati 1,000, kwa hiyo steji 6 ni 6,000. Winta ya 2022, mwezi wa 6, walifika huko kwenye 6, na 2023 ndo ukawa mwaka mbaya kuliko yote. Halafu Machi 26, 2024 ikasimama, ikakaa zaidi ya siku 300, ikarudi Januari 31, 2025, ikaondoka tena, na winta ya 2025 yote, Aprili mpaka Agosti, jumla yake ilikuwa saa 26. Hayo ni kweli kabisa na ni kazi kubwa imefanyika, tuwape haki yao.

Cha kwako kinaitwa load reduction. Hapo mitambo ina umeme, ila transfoma ya mtaa wenu imezidiwa. Winta jioni kila nyumba ina hita na jiko la umeme, vyumba vya uani vimejengwa vimepangishwa, kuna waliojiunganishia wenyewe, transfoma iliyowekwa kwa nyumba mia inabeba mia tatu, sasa badala ya kuiacha iungue wanaizima saa za jioni na saa nyingine asubuhi. Na ikiungua kweli mnaweza kukaa wiki kadhaa, kwa hiyo sababu ipo. Lakini kaka mimi naona kosa liko kwenye lile neno "hakuna". Mtu anayetangaza hakuna loadshedding anasema kweli kwa hesabu yake, na mama anayepika kwa mwanga wa mshumaa mtaani kwenu naye anasema kweli, sema matangazo yanamfanya yeye aonekane mwongo. Ingetosha kusema kila siku: mitambo iko sawa, ila maeneo haya na haya jioni yatazimwa kwa sababu ya transfoma, kuanzia saa hii mpaka saa hii. Ratiba zake huwa zipo kwa maeneo, muulizeni diwani jina la laini inayolisha mtaa wenu, maana ukilijua ndo unajua ratiba gani ni yako, na ukipiga kulalamika unatajia jina la laini siyo "kwetu umeme hamna".

Nitasema kitu na mimi. Winta ile ya 2022 nilikuwa nimepanga chumba Johannesburg, ghorofa ya pili, chini yetu kulikuwa na fundi cherehani mmoja Mmalawi. Alikuwa na ratiba ya mgao ameibandika ukutani juu ya pasi, ameipiga mistari kwa kalamu nyekundu, yaani anaisoma kama ratiba ya basi. Saa za umeme anapiga pasi na kushona kwa mota, saa za giza anashona vifungo, anakunja pindo kwa mkono, anakaa mlangoni kwenye mwanga. Wateja hawakosi nguo. Sasa kuna wiki moja ratiba ikaanza kudanganya, imeandikwa saa 2 usiku wanakata saa 10 jioni, tukapiga simu ofisi husika wanasema angalieni ratiba, tunawaambia ratiba ndo hii tumeishika, wanasema subirini. Yule mzee kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa tu. Pasi imepoa, suruali ya bwana harusi iko nusu, hajui aanze kuishona kwa mkono au asubiri. Giza lilikuwa lile lile la miezi yote, alichokosa wiki ile ni saa ya kushika. Nikifikiria habari za umeme namfikiria yeye kwanza.

Habari dada. Nipo Fort Worth Texas, najitolea kutafsiri matangazo kwa wazee wetu wa Kikongo kanisani. Winta iliyopita lilitoka tangazo la kuomba watu wapunguze umeme, nikalituma kwa Kiswahili, bibi mmoja akazima hita yote akalala na baridi. Niliumia sana. Nilikosea wapi? — Mkalimani

Mdogo wangu asante, kazi unayofanya ni kubwa kuliko unavyodhani na usijibebeshe lawama yote. Matangazo yale yanaandikwa kwa watu wa umeme, siyo kwa bibi. Yamejaa maneno kama akiba ya uendeshaji na hali ya uhifadhi, ukiyatafsiri neno kwa neno unapata Kiswahili ambacho hata mimi sikielewi. Na bibi aliyepitia kambi ya wakimbizi, akisikia serikali inaomba mpunguze, anatii kwa moyo wote, anazima. Kwa hiyo usitafsiri tangazo, tafsiri kitu cha kufanya. Kwanza mwambie asiguse nini, ndo umwambie apunguze nini.

Halafu kuna mtego wa saa ambao hakuna Mmarekani atakuambia. Tangazo linasema 6 mpaka 9 asubuhi. Wewe ukiandika saa 12 mpaka saa 3 asubuhi, anayehesabu kwa jua ameelewa, ila wapo Wakongo wanaohesabu kama saa ya Kifaransa, huyo 12 kwake ni mchana. Ukiandika saa 6 mpaka 9 asubuhi ndo umeharibu kabisa. Andika zote mbili, na andika "kwenye simu" maana simu wote wanaiona. Na neno umeme, wengi wao wanasema courant, liweke tu, huandiki mtihani.

Mimi ningeandika hivi, chukua ubadilishe utakavyo:

"Kesho Jumanne asubuhi, saa 12 mpaka saa 3 (kwenye simu inasoma 6:00 mpaka 9:00), courant itakuwa kidogo Texas yote. HATUJAKATIWA. Hita USIZIME, ishushe tu mpaka 68. Saa hizo usifue nguo, usiwashe oveni. Chaji simu usiku wa leo. Ukiona umeme umeondoka kabisa piga namba iliyo kwenye bili yako. Usiwashe mkaa ndani ya nyumba hata dirisha likiwa wazi. Mwenye mashine ya kupumua nyumbani anipigie leo."

Hiyo 68 ni Fahrenheit, kipimo cha joto cha kule, kwetu ni kama nyuzi 20. Soma kwa sauti ujirekodi pia, wazee wengi hawasomi, ila taja tarehe mwanzoni mwa voisi maana itazunguka mpaka mwakani. Asubuhi ikipita salama tuma nyingine: imeisha, asante, washeni kama kawaida. Watu wanasahau sana hii ya pili na ndo inayofanya bibi akuamini mara ijayo. Kuhusu wenye mashine, Texas kuna fomu ambayo daktari anajaza ili kampuni ya umeme imjue mgonjwa anayetegemea umeme, wasaidie kujaza kabla ya winta, lakini waambie ukweli kwamba fomu hiyo haimzuii mtu kukatiwa, bado anahitaji betri au pa kwenda.

Kwa mtazamo wangu bora watu wa umeme wakae kimya mpaka ukatike kweli. Wakitangaza mapema watu wanapaniki, wanamaliza mishumaa madukani, bei zinapanda, afu saa nyingine hata haitokei. Unasemaje? — Mwanafunzi, Mbeya

Nimekuelewa na viongozi wengi wanawaza kama wewe. Ila angalia Ufaransa winta ya 2022 kwenda 2023. Mitambo yao mingi ya nyuklia ilikuwa imesimama kwa matengenezo, mabomba yamekutwa na nyufa, na vita ya Ukraine imeshapandisha gesi. Wangeweza kunyamaza waombe Mungu. Wakatangaza wazi. Wana kitu kinaitwa EcoWatt, rangi tatu tu, kijani, machungwa, nyekundu, inaonyesha leo na siku tatu za mbele, na walisema kabisa ikifika nyekundu tukashindwa tutakata kwa zamu isiyozidi saa 2, na kesho yako utaijua leo saa 11 jioni kwa kuandika anwani yako. Watu hawakupaniki, walipunguza. Matumizi ya winta ile yalishuka kama asilimia 9 ukilinganisha na miaka ya nyuma, na nyekundu haikuwaka hata siku moja. Sasa hapo huwezi kusema walitangaza kitu ambacho hakikutokea, bei ilipanda na hali ya hewa nayo ilisaidia, ila tangazo lilikuwa sehemu ya kilichokizuia.

Eskom nao Mei 2023 walisema mbele ya watu wote kwamba winta ile hali ikiwa mbaya kabisa tunaweza kufika steji 8. Inatisha kuisikia. Haikufika. Na 2025 walikuja na hesabu ambayo hata mtoto wa sekondari anaielewa: mitambo inayoharibika ghafla ikibaki chini ya megawati 13,000 hamtakatiwa, ikifika 15,000 mtegemee siku 21 za steji 2 na zisizidi hapo. Mimi napenda taarifa ya namna hiyo kwa sababu imeweka "ikiwa". Inakupa kitu cha kupima. Kila wiki wakitoa namba unaangalia mwenyewe tuko upande gani, na wakiharibu unawadai.

Hofu unayoisema mdogo wangu inatoka kwenye taarifa nusu. Ukiambiwa "kutakuwa na changamoto ya umeme, tunaomba uvumilivu" hapo ndo unakimbilia mishumaa, maana hujui ni usiku mmoja au mwezi. Wewe wa Mbeya unalijua hili bila mimi kukueleza, siku za mgao kipi kilikuwa kinawauma zaidi mtaani, saa zenyewe za giza au kule kutojua saa ngapi? Waulize wenye saluni na mashine za kusaga. Na huku kwetu ni ukame wa mabwawa siyo barafu, lakini bwawa linashuka pole pole kila mtu anaona, muda wa kusema upo mwingi kuliko wa Texas.

Dada nipo Leicester Uingereza naishi na mama ana mashine ya oksijeni. Nimepata barua tujiandikishe kitu cha Priority Services Register kwa ajili ya umeme ukikatika. Ni matapeli? — Dada wa Leicester

Siyo matapeli mpenzi, ni orodha ya wateja wanaohitaji msaada zaidi, kipo na ni bure, jiandikisheni leo, ila wewe mwenyewe ingia au piga kampuni yenu ya umeme, usitumie namba uliyotumiwa na mtu. Wakishawajua watawapa taarifa mapema na msaada umeme ukikatika. Atakayekuuliza namba ya siri ya benki kwa ajili ya hilo huyo ndo tapeli. Umeme ukikatika kote huko mnapiga 105, bure. Na waulize hospitali wanaohusika na hiyo mashine kuhusu mtungi wa akiba, mama asibaki na mashine peke yake.

Nauza samaki na kuku wa kugandisha nyumbani Johannesburg, umeme ukikata usiku nikiwa nimelala sijui umekaa saa ngapi, asubuhi friza linanguruma kama kawaida. Nitajuaje kama mzigo umeharibika? — Mama lishe

Dada yangu, friza iliyojaa isipofunguliwa inashika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24, friji la kawaida ni saa 4 tu. Kwa hiyo ijaze, nafasi tupu weka chupa za maji zigande, na umeme ukikata usifungue fungue kuchungulia.

Kuhusu usiku uliolala, fanya hivi. Chukua kikombe cha plastiki ujaze maji, kigandishe mpaka kiwe jiwe, halafu weka sarafu ya randi juu ya barafu na ukirudishe humo humo kwenye friza katikati ya mzigo. Asubuhi angalia sarafu. Ikiwa bado iko juu, mzigo ni mzima uza. Ikiwa imezama katikati, barafu iliyeyuka nusu ikaganda tena, hapo kagua kipande kimoja kimoja na chochote kilicholainika usimuuzie mtu. Ukiikuta chini kabisa imegandia kwenye kitako cha kikombe, samaki wote hao tupa, hata kama wanaonekana wagumu na hawanuki.